Tarehe 19 Machi: Wageni Wawili wa Unyanyembe

Jumanne ya tarehe 19 Machi 1872, ndani ya tembe la Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, David Livingstone alitimiza miaka 59. Siku tano tu zilikuwa zimepita tangu aagane na Henry Morton Stanley, ambaye tarehe 14 Machi alishika njia ya kurudi pwani akiwa amebeba barua na daftari za mwenyeji wake. Stanley alimsihi waondoke pamoja. Mzee alikataa. Alitaka kwanza kuijua chemchemi ya mto Naili, nayo aliamini iko kusini, mbele ya ziwa Tanganyika. Kwa hiyo akabaki Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora na Kwihara, kungojea wapagazi ambao Stanley aliahidi kumwandikia pwani.

Ilikuwa bado majira ya mvua. Asubuhi hiyo aliandika sala fupi katika daftari lake, akajiweka upya mikononi mwa Yesu na kuomba kazi yake ikamilike kabla ya mwaka kwisha. Haikukamilika. Hata hivyo ukurasa ule mdogo ndio unaotuwezesha leo kusema kwa hakika kwamba mtu fulani, katika nyumba tunayoijua, Unyanyembe, aliikumbuka siku yake ya kuzaliwa. Kwa karne ya 19 katika njia hii ya misafara, jambo hilo ni adimu mno.

Tarehe hiyohiyo ilikuwa pia ya mtu mwingine aliyekula na kulala Unyanyembe. Richard Francis Burton alizaliwa Torquay, kusini mwa Uingereza, tarehe 19 Machi 1821, miaka minane kamili baada ya Livingstone kuzaliwa Blantyre, Uskoti, tarehe 19 Machi 1813. Burton aliingia Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu msafara wake uondoke pwani. Alikuwa na John Hanning Speke. Walipokelewa na wafanyabiashara Waarabu, hasa Snay bin Amir, ambaye aliwapa nyumba, chakula na, kwa mtu kama Burton, kitu kilichozidi chakula, yaani habari. Katika nchi hizi Snay alikuwa amefika mbali kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Alijua njia za Karagwe na Buganda, alijua majina ya watawala, na alijua kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika, ziwa la Ujiji. Speke alikwenda kulitazama ziwa hilo mwaka 1858 na akajipatia sifa duniani kote. Snay, aliyewaelekeza, ametajwa katika vitabu vichache tu.

Kwa Wanyamwezi na Wasukuma pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto. Hawa wawili wa 19 Machi ni pacha wa kalenda, lakini ni vigumu kupata watu wawili walioachana zaidi kwa tabia. Livingstone alianza kazi akiwa na miaka kumi katika kiwanda cha kusokota pamba. Ajabu yake ni kwamba miaka mingi baadaye maisha yake yalitegemea tena nguo za pamba, kwa kuwa katika njia ya Tabora fedha ilikuwa merikani, kaniki na shanga: bila majora ya merikani hulipi hongo, hununui mtama, hupati mpagazi. Burton alikuwa mtoto wa ofisa wa jeshi, akalelewa Ufaransa na Italia, akajifunza lugha mpaka watu wakachoka kuzihesabu, na mwaka 1853 aliingia Makka akijifanya hujaji. Livingstone aliuchukia utumwa kwa moyo wake wote, ingawa njaa na maradhi vilimlazimu kula kwenye sinia za wafanyabiashara wa utumwa. Burton alistarehe katika mabaraza ya Waarabu wa Kazeh, akawasifu kwa ukarimu, na akawaandika Waafrika kwa dharau ambayo hata leo inamuumiza msomaji. Nimesoma kurasa zake nyingi kwa manufaa makubwa, maana hakuna aliyeorodhesha bei, vipimo, vyakula na desturi za msafara kwa uangalifu kama wake. Lakini dharau ile siwezi kuipita kimya. Watu aliowatukana ndio waliombeba kwa machela miguu yake ilipokataa kutembea.

Na ilikataa kweli. Siku ya 19 Machi 1858, alipotimiza miaka 37, Burton alikuwa Ujiji, mgonjwa, akimngojea Speke aliyekuwa amevuka ziwa kutafuta jahazi kwa Sheikh Hamed bin Sulayim kule Kasenge. Speke alikuwa ameondoka mwanzoni mwa mwezi na hakurudi mpaka tarehe 29, mikono mitupu.

Sasa tuwatafute watu waliowagusa wote wawili. Wa kwanza ni Said bin Salim. Mwaka 1857 Sultani wa Zanzibar alimteua awe mkuu wa msafara wa Burton. Wawili hao hawakupatana, na Burton alimlalamikia kurasa kwa kurasa. Mwaka 1860 Said alitoka tena pwani na Speke na msafiri mwenzake Grant, akaugua, akaachwa Kazeh. Huko maisha yake yakageuka. Stanley alipofika mwaka 1871 alimkuta Said bin Salim ndiye liwali wa Sultani katika Unyanyembe, na ni mji wa liwali huyo uliompokea Livingstone mwezi Februari 1872. Mtu mmoja, basi, alimwongoza mgeni wa kwanza wa 19 Machi na akawa mkubwa wa mji kwa mgeni wa pili.

Wa pili ni Sidi Mubarak Bombay, na kwake nitakaa zaidi. Alikuwa Myao, alikamatwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India. Alipopata uhuru alirudi Zanzibar, na Burton na Speke walimwajiri mwaka 1857. Siku ile Burton alipotimiza miaka 37 akiwa amelala Ujiji, Bombay alikuwa pamoja na Speke katika safari ile ya ziwani, akiwa mkalimani wake. Miaka 14 baadaye, siku ile Livingstone alipoandika sala yake Kwihara, Bombay alikuwa barabarani pia, safari hii akiwa nahodha wa walinzi wa Stanley, njiani kuelekea Bagamoyo. Siku mbili za kuzaliwa za watu wawili mashuhuri, na mara zote mbili Bombay yuko kazini. Baadaye akavuka bara zima na Verney Lovett Cameron kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi, 1873 hadi 1875. Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilimpa nishani ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885. Siku aliyozaliwa haijulikani. Hata mwaka wenyewe hukisiwa tu kuwa karibu na 1820, jambo ambalo lingemfanya rika la Burton.

Hapa msomaji anaweza kuuliza kama ni mwujiza kwa watu wawili mashuhuri, wote wasafiri, wote wa Unyanyembe, kuzaliwa tarehe moja. Si mwujiza. Wanahisabati wamekwisha kulipigia hesabu swali hili. Chukua watu 23 wowote, uwaweke chumba kimoja. Uwezekano kwamba angalau wawili kati yao wana tarehe moja ya kuzaliwa ni zaidi ya nusu, asilimia 50.7. Wengi hawaamini wanaposikia mara ya kwanza, kwa sababu wanajifikiria wenyewe: nani kati ya hawa 22 amezaliwa siku yangu? Swali sivyo lilivyo. Watu 23 wanafanya jozi 253, na kila jozi ni nafasi mpya ya kukutana. Ukiwapanga Wazungu waliopita Tabora katika karne ya 19, Burton, Speke, Grant, Stanley, Livingstone, Cameron, Thomson, Emin Pasha, mapadri Wakatoliki wa shirika la Lavigerie, Wajerumani waliokuja baadaye, hutachelewa kufika 23. Kupata jozi moja ni jambo la kutegemewa.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwa wengine. Stanley alipofika pwani alitimiza ahadi yake. Aliwaandika watu 57, wakatoka Bagamoyo na kumfikia Livingstone Kwihara katikati ya Agosti 1872. Kwa watu 57 uwezekano wa kupata wawili waliozaliwa tarehe moja unafika asilimia 99. Kwa maneno mengine, ndani ya kundi lile la wanaume waliopandisha robota na bunduki kupitia Ugogo, karibu ni hakika kwamba kulikuwa na pacha wa kalenda kama Livingstone na Burton, pengine jozi kadhaa. Walitembea bega kwa bega miezi kadhaa, wakala chungu kimoja, na hawakujua. Sisi pia hatutajua. Kila ninapoifikiria hesabu hiyo naona namna kalenda za watu mashuhuri zinavyotungwa: haziandiki nani alizaliwa, zinaandika nani alikuwa na mtu wa kumwandikia.

Nisieleweke kwamba watu wa njia hii hawakuwa na hesabu ya wakati. Walikuwa nayo, na ya aina nyingi. Waarabu na Waswahili wa Kazeh walihesabu kwa Hijria. Livingstone alipokuwa akisali sala yake ya 19 Machi, kwa majirani zake zilikuwa siku za mwanzo za Muharram, mwaka mpya wa 1289, na Ashura ilikuwa imekaribia. Wanyamwezi walihesabu kwa mwezi unaoandama na kwa majira ya mvua na kilimo, na misafara yao ilipangwa ipasavyo, maana mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa pia mkulima, na shamba halikungoja. Mtu alikumbuka umri wake kwa mambo makubwa: alizaliwa kabla ya vita fulani, aliota meno mtemi fulani alipofariki. Hiyo ni hesabu timamu kwa wanaoishi pamoja.

Hata aliyejulikana kuliko wote katika biashara ya njia hii hakuiona tarehe ya kuzaliwa kuwa mwanzo wa maisha. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Ituru karibu na Tabora, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Anaanza akiwa na miaka kumi na miwili, na jambo la kwanza analotaja ni biashara ya sandarusi. Habari za siku aliyozaliwa hazimo. Siku yake ya kufa tunaijua, 14 Juni 1905, Zanzibar, kwa kuwa kufikia hapo ulimwengu wote ulikuwa ukimwandika.

Na Wazungu wenyewe, pamoja na almanaka zao, walizipoteza siku. Homa ikimlaza mtu wiki nzima, anaamka hajui kama ni Alhamisi au Jumapili. Mfano mkubwa uko Ujiji. Kila kitabu cha shule kinasema Stanley alimkuta Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Hiyo ni tarehe ya Stanley. Kwa hesabu ya Livingstone, mgeni alifika mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua, wote wawili walikuwa wamechanganya siku, na wanahistoria wamebishana tangu hapo. Tukio lililotangazwa kuliko yote katika historia ya njia ya misafara halina tarehe ya kuaminika. Ndiyo maana nina imani zaidi na 19 Machi 1872: zaidi ya miezi minne ilikuwa imepita, Stanley na Livingstone walikuwa wamekwisha kulinganisha kalenda zao, na mzee alikuwa ametulia nyumbani.

Tarehe nyingine ya njia hii haina utata, nayo inanipendeza sana. Burton na Speke waliliona ziwa Tanganyika tarehe 13 Februari 1858 na kesho yake, tarehe 14, wakaingia Ujiji. Siku hiyohiyo ya 14 Februari 1858, Uskoti, akazaliwa Joseph Thomson. Kabla hajatimiza miaka 22 kijana huyo alikuwa amefika mwenyewe kwenye maziwa, na mwaka 1880 alirudi kwa njia ya Tabora. Mkuu wa msafara wake alikuwa Chuma, na Chuma anaturudisha kwa Livingstone.

Livingstone aliondoka Kwihara tarehe 25 Agosti 1872 pamoja na wale 57 na watu wake wa zamani. Kati ya wa zamani wakubwa walikuwa Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861 akiwa kijana mdogo. Tarehe 19 Machi 1873 iliwakuta katika vinamasi vya Bangweulu, leo nchini Zambia. Livingstone alitimiza miaka 60. Alikuwa akitokwa damu na hawezi kutembea mbali, lakini aliandika kumshukuru Mungu kwa kumhifadhi mpaka hapo. Hakuiona nyingine. Alifariki kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, na hata siku hiyo ina utata wake: Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nasik huko India, ambaye alichonga maandishi kwenye mti uliokuwa pale, aliandika 4 Mei.

Yaliyofuata ni sehemu ya habari hii ambayo Tabora ingepaswa kuijua kwa moyo. Watu wale hawakutawanyika. Waliuzika moyo wa bwana wao chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga na kuubeba. Mwezi Oktoba 1873 waliingia Kwihara nao, katika tembe lilelile walilotoka mwaka mmoja na ushei kabla. Walimkuta Cameron humo na wenzake, wametumwa kwenda kumsaidia mtu ambaye amekwisha kufa. Cameron aliona afadhali wauzike mwili palepale. Walikataa. Hapa tuwape heshima yao: watu hawa hawakuwa na mkataba wowote uliowalazimisha, mwajiri wao alikuwa amekufa, na ofisa wa jeshi la majini la Malkia alikuwa akiwapa ruhusa ya kutua mzigo. Wakasema mwili utafika pwani.

Walipofika Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Watu wa Livingstone wakabuni hila. Walitengeneza maiti ya uongo kwa mabua ya mtama, wakaifunga nguo, wakaikabidhi kwa wachache walioonekana wakirudi nayo Unyanyembe. Usiku wale wachache wakayatupa mabua vichakani. Mwili wa kweli ulifungwa upya ukaonekana kama robota la nguo za biashara, ukapita mchana kweupe. Hapo utaona ujuzi wa watu wa misafara, maana walijua kabisa kwamba katika njia ile hakuna kitu cha kawaida kuliko mpagazi mwenye robota la merikani.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili mwaka huo Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London. Kati ya wote waliombeba, Wainwright peke yake ndiye aliyekuwapo. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baada ya mazishi, wakasaidia kuzifafanua daftari za marehemu ili zichapwe, kwa hiyo hata ukurasa wa 19 Machi 1872 tunaousoma leo umepitia mikononi mwao mara mbili, kwanza kwa kuubeba, kisha kwa kuueleza. Jumuiya ya Kijiografia iliagiza nishani 60 kwa ajili ya wapagazi, kila moja na jina la mwenyewe. Chuma alifariki mwaka 1882, Susi mwaka 1891, Wainwright mwaka 1892 huko Urambo, mji wa mtemi Mirambo, si mbali na Kwihara.

Kalenda za kimataifa zina mengine ya 19 Machi, na mengi hayatuhusu. Mwigizaji Bruce Willis alizaliwa siku hiyo mwaka 1955. Wakatoliki wanaadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Mwaka 1962 tarehe hiyo vita vya uhuru vya Algeria vilisimamishwa, miezi michache tu baada ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Mmoja anatukaribia zaidi: Alfred von Tirpitz, aliyelijenga jeshi la majini la Ujerumani, alizaliwa 19 Machi 1849. Hakuwahi kuiona Tabora, lakini mzinga wa manowari yake Königsberg ulisafirishwa kwa reli kupitia hapo mpaka Kigoma, ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Meli hiyo ndiyo tunayoiita Liemba.

Kisha likaja tukio la nchi yenyewe. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa kifo cha Rais John Pombe Magufuli. Katiba ya Tanzania, ibara ya 37, inaeleza wazi kwamba Rais akifariki Makamu wa Rais anaapishwa kumalizia muda uliobaki. Ijumaa, tarehe 19 Machi 2021, katika Ikulu ya Dar es Salaam, Samia alishika Kurani na kula kiapo mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma. Akawa Rais wa sita na mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Siku hiyo Burton alikuwa akitimiza miaka 200 kamili tangu kuzaliwa. Sidhani kama kuna mtu pale Ikulu aliyekuwa na habari hiyo, wala hakukuwa na haja. Lakini kwangu mimi ninayezikusanya tarehe, kukutana huku kuna uzito. Katika vitabu vyake Burton aliwaandika wanawake wa Kinyamwezi na wa pwani kama vitu vya kutazamwa, akiwapima sura na maumbo. Miaka 200 baadaye, siku yake hiyohiyo, mwanamke kutoka Zanzibar, kisiwa ambako Burton alipakia mizigo yake, akaapishwa kuwa mkuu wa nchi yote ambayo msafara ule uliipita kwa kulipa hongo. Mwezi Desemba wa mwaka uleule ukasainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora mpaka Tabora, reli inayofuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya wapagazi, kama ile ya Wajerumani iliyofika Tabora mwaka 1912.

Tukirudi Unyanyembe penyewe, mabadiliko ya hesabu yanaonekana katika ukoo mmoja. Burton alipokuwa Kazeh, mtemi wa nchi alikuwa Fundikira. Burton ameeleza utawala wake na ugonjwa wake, lakini siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. Mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 asikamatwe na jeshi la Wajerumani, naye hana siku ya kuzaliwa. Ana siku ya kufa tu, kwa kuwa waliomshinda ndio walioiandika. Ukoo huo ukaendelea, na mjukuu wao katika utawala, Chifu Abdallah Said Fundikira, tunamjua mpaka tarehe: 2 Februari 1921. Alisoma Tabora na Makerere, akawa mmoja wa mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru mwaka 1961.

Tembe la Kwihara, lililojengwa upya, ni makumbusho sasa, na wageni huonyeshwa ramani na nakala za daftari. Mimi ningependa tarehe 19 Machi wanafunzi wa Tabora wapelekwe pale, na baada ya kusikia habari za Livingstone na Burton wasomewe majina ya waliokaa humo bila siku ya kuzaliwa: Susi, Chuma, Wainwright, na wale 57. Majina mengi yapo katika orodha za nishani zile. Kazi ya kuyatafuta na kuyaandika vizuri ukutani si ya gharama kubwa, na inaweza kufanywa na walimu wachache wenye nia.